Doti ya Bibi na Picha za Magwiji



Wengi wenu mliowahi kuishi Nairobi mnaikumbuka Paa ya Paa, nyumba ya sanaa iliyoanzishwa mwaka 1965 na Elimo Njau na wenzake. Njau alizaliwa Marangu, chini ya Kilimanjaro, mwaka 1932, akasomea uchoraji Makerere. Nyumba yake iliungua moto mwaka 1997 na vitu vingi vikapotea, lakini onyo lake moja limebaki vinywani mwa watu, hata wale wasioijua picha yake hata moja: usiige, maana kuiga humlaza Mungu usingizi.

Ni maneno mazito, na kwa watu wa kizazi changu yana uzito wa ziada. Tulikua tukionywa kila siku juu ya kasumba. Cha Mzungu tulikikataa mkutanoni, kisha tukakifunga vizuri na kukipeleka nyumbani. Shuleni tuliambiwa tuwe wabunifu, na papo hapo tukapewa kitabu cha kunakili. Sishangai basi kwamba kila mara jamii yetu hapa Sydney inapokutana na msanii wa kwetu aliyepata jina ughaibuni, swali la kwanza huwa lilelile: huyu ni wake, au anaiga?

Swali hilo lilinijia mwaka 2019, picha za Michael Armitage zilipoletwa hapa mjini, kwenye jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa lililopo Circular Quay. Armitage alizaliwa Nairobi mwaka 1984, baba Mwingereza, mama Mkikuyu. Alisoma Slade, London, kisha shule ya Royal Academy. Sifa yake ni kwamba deni lake halifichi. Ukisimama mbele ya picha zake unawaona wazee wa Ulaya wakichungulia: Goya, Titian, Velázquez, Manet, Gauguin. Habari iliyochorwa, hata hivyo, ni ya Nairobi, au ya Mombasa, au ya kijiweni unapopajua wewe.

Kutoka Auburn hadi Circular Quay ni safari ya treni tu, na wakati ule kuingia jumba lile kulikuwa bure (kiingilio cha kulipa kilianza mwaka 2025), kwa hiyo sikuwa na kisingizio. Nilikwenda na binti yangu, aliyekuwa na miaka 14, mtoto ambaye tangu ajue kushika kalamu amechora kila penye nafasi, hata mgongoni mwa bili za umeme.

Kabla ya picha zenyewe, niseme juu ya kile zilichochorwa juu yake, maana hapo ndipo mimi nilipokwama kwa muda mrefu kuliko wageni wengine. Wachoraji wa rangi za mafuta huchora juu ya kitambaa cha kitani au pamba kilichowambwa kwenye fremu ya mbao. Armitage anatumia lubugo, nguo ya gome ya Waganda. Aliikuta sokoni Nairobi ikiuzwa kwa watalii. Wenyewe Buganda hulibandua gome la mti wa mtuba, wakalipiga kwa nyundo za mbao zenye mikwaruzo, wakianza na mikwaruzo mipana na kumaliza na myembamba, mpaka kipande kilichokuwa kigumu kinatanuka na kulainika, kisha hukianika juani kikageuka rangi ya udongo mwekundu. Mti hauachwi uchi: hufungwa majani ya mgomba, ukaota gome jingine, na msimu ujao ukavunwa tena. Nguo hiyo imevaliwa na wafalme na imewasitiri wafu kaburini. UNESCO iliitangaza kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005.

Sasa, mtu wa kazi yangu hulipwa kutafuta matundu na nyufa. Nikipelekwa kwenye daraja, naangalia kwanza palipo na kasoro. Lubugo imejaa kasoro. Ina matundu ambapo tawi lilikuwa limeota, ina mishono ambapo vipande viwili vimeungwa kwa uzi, ina vigongo na mabonde, na haivutiki sawa pande zote. Nilikaribia mpaka mlinzi wa chumba akakohoa kidogo. Tundu linaweza kuwa katikati ya shavu la mtu, na mchoraji hakuliziba. Mshono unapita juu ya anga kama kovu. Rangi imepakwa, ikakwanguliwa, ikapakwa tena, na chini yake gome linaendelea kuwa gome. Gwiji wa Ulaya anapolazwa juu ya kitu cha namna hii hawezi kulala raha. Mstari wake ulionyooka kwa miaka 400 unafika kwenye tundu na lazima uamue: uzunguke au udumbukie.

Nadhani hilo peke yake lingetosha kulijibu swali la kuiga. Lakini ubishi wa watu wetu haukuwa juu ya gome. Ulikuwa juu ya habari zilizochorwa.

Chukueni picha aliyoiita The Fourth Estate, ya mwaka 2017. Mnaukumbuka mwaka ule Kenya: uchaguzi wa Agosti, Mahakama ya Juu ikaubatilisha tarehe 1 Septemba, ukarudiwa tarehe 26 Oktoba huku upinzani ukisusa. Armitage alifuatana na waandishi wa televisheni kwenye mkutano wa upinzani Nairobi. Aliona jambo ambalo sote tumeliona tangu enzi za TANU na KANU: watu wamepanda juu ya mti ili wamwone kiongozi. Sasa Goya, Mhispania, alikuwa na mchoro katika mfululizo wake wa Disparates, aliouchora kati ya miaka ya 1815 na 1823, wa watu waliojifunika nguo nzito, wamekaa kwenye tawi kavu lililotanda hewani, wakisikiliza. Hakuna anayeangalia kama tawi litabeba. Armitage aliwachukua wale wa Goya na kuwaweka kwenye mti wa mkutano wetu.

Mimi, nikiliangalia lile tawi, nilianza kupiga hesabu ya uzito bila kukusudia. Binti yangu akasema, “Baba, watu hawa hawataanguka?” Nikamwambia hilo ndilo linaloulizwa tangu Goya.

Picha nyingine ni #mydressmychoice, ya mwaka 2015. Novemba 2014 mwanamke mmoja alivuliwa nguo na wanaume kwenye kituo cha matatu katikati ya Nairobi kwa madai kwamba amevaa vibaya, na kitendo kikarekodiwa kwa simu na kusambazwa. Tarehe 17 Novemba wanawake wakaandamana mjini kudai haki ya kuvaa wapendavyo. Armitage alimchora mwanamke amelala chini kwa mkao wa Venus wa Velázquez, yule mungu wa kike anayejitazama kwenye kioo, aliyechorwa kati ya mwaka 1647 na 1651 na ambaye yupo National Gallery, London. Lakini pembeni mwa huyu wetu kuna miguu ya wanaume. Mtazamaji, ukijiuliza umesimama wapi, unagundua kwamba viatu vyako viko mstari mmoja na vile.

Hapa kuna jambo nililolijua baadaye na ambalo bado linanisumbua. Tarehe 10 Machi 1914 yule Venus wa Velázquez alishambuliwa pale London. Mwanamke aliyekuwa akipigania haki ya wanawake kupiga kura, Mary Richardson, aliingia na shoka dogo la nyama na kumchana mgongo mara kadhaa, akipinga kukamatwa kwa kiongozi wao, Emmeline Pankhurst. Miaka 100 na ushei kabla ya kisa cha Nairobi! Picha iliyotumika kuwa kipimo cha uzuri wa mwanamke ilikuwa tayari na majeraha yake, yakazibwa kwa ufundi. Kwa hiyo anayesema Armitage alichukua kitu safi cha Wazungu akakichafua kwa aibu yetu hajaisoma historia ya kitu chenyewe.

Nasema hivi kwa sababu yupo aliyesema. Wiki chache baada ya maonyesho tulikuwa kwenye arusi, ukumbini huku Auburn, na mzee mmoja wa Mombasa ninayemheshimu sana, baada ya kuniuliza hali ya watoto, akanigeukia:

“Mhandisi, nasikia mlikwenda kutazama picha. Yale mambo ya kuvuana nguo, hata hayo ni ya kuwapelekea wageni ukutani?”

Nikamjibu, “Mzee wangu, wageni walikwishayaona kwenye simu.”

“Kwenye simu yanapita. Ukutani yanakaa.”

Sikuwa na jibu la haraka, na sioni kwamba hoja yake ni ndogo. Kuna tofauti kati ya habari na ukuta. Msanii anayeishi kwa wageni na kuuza kwa wageni (mwezi Novemba mwaka huohuo wa 2019 picha yake moja, The Conservationists, ilinadiwa New York kwa zaidi ya dola milioni 1.5 za Marekani) hana budi kuulizwa anamchora nani kwa ajili ya nani. Ninachoweza kusema ni kwamba mzee alilifikia lengo la mchoraji bila kuiona picha: yakae. Kama yangekuwa ya kupita, wale wanaume wa kituoni wangekuwa wameshinda.

Mombasa nayo ina sehemu yake. Nyali Beach Boys, ya mwaka 2016, ni vijana wa ufukweni wanaongoja watalii, wamepangwa kwa mkao wa wale wanawake watano wa Picasso wa mwaka 1907, Les Demoiselles d'Avignon. Wale wa Picasso walikuwa makahaba, na vijana wa Nyali nao wanajua nini kinauzwa. Lakini tamu ya picha hii iko kwingine. Picasso, kabla ya kuimaliza ile yake, alikuwa ametembelea jumba la Trocadéro jijini Paris na kuviona vinyago vya Afrika, na nyuso mbili za kulia katika picha yake zina sura ya vinyago. Nani basi alianza kumwiga nani? Deni lilikwenda Paris kwa meli, likakaa miaka zaidi ya 100 likizaa riba, likarudi Nyali.

Niruhusuni nitoke kidogo Nairobi na Mombasa, nirudi kwetu, maana mfano mzuri kuliko yote uko hatua chache kutoka kituo cha treni cha Auburn. Msikiti wa Gallipoli, ambao wengi wetu tunaswali Ijumaa, ulianza kujengwa mwaka 1986 na Waturuki wa hapa, ukafunguliwa rasmi mwaka 1999. Kuba lake na minara yake miwili vinafuata mtindo wa Kiosmani wa zama za Sinan. Hakuna anayeingia akasema, hii ni nakala. Sinan mwenyewe, kabla ya kuwa msanifu mkuu wa sultani, alikuwa fundi wa jeshi, mtu wa madaraja, mwenzangu. Maisha yake yote alishindana na jengo moja, Hagia Sophia, lililomalizwa na Warumi wa Mashariki mwaka 537, karibu miaka 1,000 kabla yake. Alilipima, akalichunguza, akaliimarisha lilipotaka kuanguka, kisha akajenga Süleymaniye na baadaye Selimiye ya Edirne, ambamo alijibu kila swali ambalo wale wa zamani waliliacha. Kuba la Selimiye limeegemea nguzo nane, na ukisimama chini yake nafasi ni moja, haina vichochoro. Hilo si la Hagia Sophia. Lakini bila Hagia Sophia, Sinan angekuwa anajibu nini?

Katika uhandisi hatuna aibu hii ya kukopa. Mhimili ninaoukokotoa leo naukokotoa kwa kanuni za watu waliokufa karne ya 18, na mteja angenifukuza kama ningebuni zangu. Tunachoona aibu ni kukopa bila kuangalia udongo. Ukichukua msingi uliofaa London ukaumwaga Dar es Salaam bila kupima ardhi, nyumba itakwambia.

Na Njau je? Nimelirudia onyo lake mara nyingi na ninaamini tulilisoma kwa haraka. Makerere alikosoma, darasa la sanaa lilianzishwa mwaka 1937 na Margaret Trowell, Mwingereza aliyesoma Slade, ileile ya Armitage, na ambaye hakutaka wanafunzi wake waanze kwa kunakili Ulaya. Sam Ntiro, mwana mwingine wa Kilimanjaro, alipitia Makerere kisha Slade miaka ya 1950, na picha yake ya watu wanaompelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku ilinunuliwa na MoMA ya New York mwaka 1960. Njia ya Armitage ilikuwa na nyayo. Njau naye mwaka 1959 alichora ukutani mwa kanisa la Mtakatifu Yakobo, Murang'a, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo wa Kikuyu waliouawa siku za Mau Mau. Alichora nini? Kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, karamu ya mwisho, msalaba: habari zilezile ambazo wachoraji wa Italia walizichora kila ukuta. Lakini vilima ni vya Murang'a, na watu ni wa Murang'a. Huyo ndiye aliyesema usiige. Hakusema usiguse.

Mwaka 2021 Armitage alipofanya maonyesho yake makubwa Royal Academy, London, alitenga nafasi ya wachoraji sita wa Afrika Mashariki waliomlea kwa macho: Meek Gichugu, Jak Katarikawe, Theresa Musoke, Asaph Ng'ethe Macua, Sane Wadu, na Elimo Njau. Nairobi nako alianzisha taasisi ya sanaa, NCAI, ili picha za wazee hao ziwe na mahali pa kuonekana nyumbani. Kwa hiyo magwiji wake hawatoki Ulaya tu, ingawa magazeti ya huko hupenda kuwataja wale wanaowajua.

Mwaka huohuo wa 2021 sisi wa Auburn hatukuwa tukienda popote. Cumberland ilikuwa miongoni mwa halmashauri zilizofungwa kwa ukali kuliko nyingine, na tangu tarehe 23 Agosti kulikuwa na amri ya kutotoka nje, saa tatu usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Helikopta za polisi zilizunguka juu ya mapaa yetu. (Armitage baadaye alichora picha ya Likoni, tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya amri kama hiyo Kenya, polisi walipowapiga watu waliokuwa wakikimbilia feri. Nilipoiona nilisikia tena zile helikopta.) Katika siku hizo ndipo mama yangu alipofariki Tanga. Mipaka ya Australia ilikuwa imefungwa. Nilizika kwa simu, dada yangu akiishika juu ya vichwa vya watu, na mtandao ulikatika kabla ya udongo.

Baadaye dada alinitumia kifurushi: tasbihi, miwani, na doti moja ya kanga, mji wa korosho, rangi ya njano na nyekundu, aliyoivaa mama siku za jikoni. Ilikuwa na tundu dogo la cheche ya mkaa.

Mwaka 2023 binti yangu alikuwa anamaliza sekondari. Hapa New South Wales anayefanya sanaa katika mtihani wa HSC lazima atengeneze kazi yake mwenyewe, na aweke daftari la kuonyesha alivyoifikia. Alichagua Mmiminaji Maziwa wa Vermeer, picha ya takriban mwaka 1660, iliyopo Rijksmuseum, Amsterdam. Ni ndogo kuliko mnavyofikiri, sentimeta 45 kwa 41: mtumishi wa jikoni mwenye mikono minene, dirisha kushoto, mkate mezani, ukuta mtupu wenye msumari na matundu ya misumari iliyong'olewa. Badala ya mtumishi, atamchora bibi yake akimimina chai. Hilo halikuwa na ubishi. Kisha akasema hatachora juu ya kitambaa cha dukani. Atachora juu ya kanga ya bibi.

Mwenzangu aliweka sahani chini. “Kanga ya marehemu? Ukaipake rangi?”

“Mama, Armitage anachora juu ya kitu walichozikia watu.”

“Armitage hakuwa mjukuu wake.”

Nyumba ilinuna siku tatu. Lilikuwepo pia suala la sura. Kwetu wapo wasiotaka picha ya marehemu ukutani, na sitaki mtu adhani ni ushamba, ni imani yao na wana hoja zake. Mimi nilikuwa katikati, kanga ikiwa ya mama yangu na mtoto akiwa wangu. Nikampigia dada Tanga, kwa kuwa yeye ndiye aliyemwosha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Kaka, doti ina vipande viwili. Kimoja wekeni, kimoja mpeni mtoto. Mama angempa vyote.” Mwenzangu aliposikia ni kauli ya wifi yake, alikubali, kwa sharti kwamba uso usitazame watu. Kwa bahati yule wa Vermeer anatazama chini, kwenye maziwa.

Kazi yangu ilikuwa fremu. Kanga ina urefu wa karibu mita moja na nusu na upana wa zaidi ya mita moja, pamba nyepesi, na mafuta ya rangi yakigusa pamba tupu huila uzi pole pole. Tukapata dawa ya kutangulizia isiyo na rangi, inayokauka ikaacha maua yaonekane. Nikakata mbao za msonobari, nikaweka ukingo wa mviringo ili nguo isikatike, na mhimili wa msalaba nyuma. Kuwamba tulianza katikati ya kila upande, tukaelekea pembeni, pini moja moja kwa kupokezana. Pindo la kanga ni rula ya bure: ukivuta zaidi upande mmoja, mstari unapinda na kila mtu anauona. Tulimaliza saa sita usiku na pindo limenyooka. Nilitaka kushonea kiraka kwa nyuma lile tundu la cheche. Akakataa.

Picha ilichukua miezi minne. Ukuta wa Vermeer ni mtupu, wa kwake ni korosho za kanga zenyewe, hazikupakwa kitu. Meza imefunika nusu ya kwanza ya jina la kanga, na wanaoijua methali huikamilisha kimoyomoyo, wasioijua huona mapambo. Tundu la cheche liko karibu na kiwiko, na ukisimama mahali fulani unaona mbao za fremu kupitia hapo. Mkate umekuwa mahamri. Uso uko chini ya ushungi, umeinama kwenye kikombe. Mwalimu wake alimwuliza swali la kawaida, wapi anaishia Vermeer na wapi anaanza yeye, naye akajaza kurasa sita za daftari.

Armitage naye ameendelea. Mwaka 2025 alionyesha New York kazi mpya juu ya watu wanaosafiri kutafuta maisha, jangwani na baharini. Habari hiyo, kwa mtaa kama wetu, ambapo nusu ya majirani walifika kwa njia wasizopenda kuzisimulia, haihitaji maelezo ukutani.

Ya binti yangu imetundikwa kwenye ujia wa kwenda jikoni, pahali alipopachagua mama yake. Kipande cha pili cha doti kimo kabatini. Tulimtumia dada picha yake kwa simu, tukangoja. Jibu lilikuja baada ya saa moja, sauti:

“Mashaallah, ni yeye. Lakini mwambieni mwanangu, mama hakuwahi kushika birika kwa mikono miwili. Mkono wa pili siku zote ulikuwa kiunoni.”

Yule wa Vermeer ameshika mtungi kwa mikono miwili. Binti yangu alisikiliza ile sauti mara mbili, akacheka, akasema wino umeshakauka.